Usipande Basi na Hiyo Kiu

Cherop binti yangu,

Sanduku lako halijaibiwa. Ukikuta hii karatasi mahali ulipoliacha, usipige kelele. Ni mimi nimelitoa. Nitakwambia nimelipeleka wapi, lakini mwisho, na usiruke mistari. Nakujua, wewe ni mtu wa kuruka mistari. Keti hapo kitandani usome polepole, kama mimi nilivyoandika polepole, tangu jua likiwa kwa dirisha mpaka sasa nimewasha koroboi.

Najua ulingoja barua ya namna nyingine. Baba wengine, mtoto akienda chuo cha ualimu, wanaandika soma kwa bidii, chunga vijana wa huko, usisahau kanisa. Hayo mama yako amekwambia mpaka mbwa ameyashika. Na mwandiko usiucheke. Nilianza ngumbaru nikiwa na mvi, na mwalimu alisema mbele ya darasa ati herufi zangu ni kama ng'ombe waliolala, lakini ni ng'ombe wa kuhesabika. Wazee wengine walitoroka ile darasa. Mimi sikutoroka. Mimi sijawahi kukubali kushindwa na kitu, hiyo ndiyo sifa yangu na ndiyo ugonjwa wangu, utaona.

Naandika kwa sababu neno lenyewe limekataa kutoka mdomoni. Kwetu baba haongei na binti yake mkubwa mambo ya haja. Jana nililileta mpaka kwa meno, nikalimeza. Leo Jumapili nimelileta tena tukitoka kanisani, ukaniuliza, "Baba, unataka kusema nini?" nikasema jua ni kali. Basi wacha mkono useme.

Cherop, nimeona sisimizi.

Wako nyuma ya bafu ya mabati, pale kwa lile jiwe. Usiku hakuna mtu wa hii boma anaenda mpaka choo cha shimo, na wewe siku hizi unaamka mara nyingi kuliko mlinzi. Nasikia mlango. Jana asubuhi nilipita hapo na gongo langu nikawakuta wamejipanga mstari mweusi kutoka kwa ua mpaka kwa jiwe. Nikamwaga maji. Leo asubuhi wamerudi. Nilisimama nikiwaangalia mpaka mama yako akaniita mara mbili chai imepoa. Wale sisimizi nawajua. Walinijia mimi kwanza.

Sasa nisikilize vile ilikuwa.

Unajua mimi nani kwa mambo ya ng'ombe. Kutoka hapa Sugoi mpaka huko chini barabarani, ng'ombe akilala vibaya walikuwa wananiita mimi kabla ya kuita mtu wa serikali. Nashika sikio, naangalia pua, naangalia mavi, nasema hii ni ndigana, homa ya kupe. Daktari wa mifugo akifika na gari lake anapima, anasema, "Ndigana." Watu wanacheka, yeye anakasirika. Sijisifu, hiyo ni habari inayojulikana.

Basi kiu iliponianza, nikaipima na kipimo cha ng'ombe. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linacheza kama mtungi. Mama yako akaniuliza, "Baba Cherop, kwani umelamba chumvi ya ng'ombe?"

Nikamwambia, "Mama, ng'ombe anayekunywa sana ndiye anayejaza ndoo. Mimi ni gredi, ng'ombe wa kizungu wa maziwa mengi."

Nikaenda kusema hiyo maneno mpaka pale tunapongojea gari la maziwa, wazee wakacheka wakijipiga mapaja. Kwa ng'ombe ni kweli. Ng'ombe akikataa maji hapo ndipo unaogopa. Lakini mimi sikuwa natoa maziwa, Cherop. Hiyo akili haikunijia. Maji yote yalikuwa yanapita tu, na yakipita yananibeba pamoja nayo. Nilikuwa nakula ugali wa watu wawili na koti linakuwa kubwa. Nikasema ni kazi ya kuvuna.

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli alikuwa Njoroge wa duka. Alikuja kununua ndama, akanikuta nimesimama kwa ua, na chini yangu sisimizi kama wameitwa mkutano. Akaangalia chini, akaniangalia mimi.

"Mzee, hawa wanafuata nini hapa?"

Nikamjibu, "Wanafuata mtu wa maana. Kwako hawaji, una mkono mgumu mpaka mkojo wako hauna ladha."

Alicheka, Njoroge ni mtu wa kucheka. Halafu akaacha kucheka. "Mzee, shangazi yangu alianza hivyo. Hiyo ni sukari. Enda hospitali wapime, hata kesho."

Nikamwambia mimi siwezi kusomewa mwili wangu na mtu wa kupima unga. Nguvu zikazidi kupungua, nikaenda dukani kwake kununua glukosi, ule unga mtamu wa kopo, nikisema ndio utanisimamisha. Akaishika ile kopo akairudisha juu. "Mzee, mimi ni mtu wa kuuza. Lakini hii sikuuzii."

Nikaenda nikanunua duka la pili. Nilikuwa nakoroga vijiko vitatu kwa chai ambayo tayari ina sukari, mbele ya watu, ili habari imfikie. Hivyo ndivyo baba yako alivyomshinda Njoroge.

Kuna kitu sijaambia mtu yeyote, hata mama yako anajua nusu. Unakumbuka ile baraza ya Bwana DO, mkuu wetu wa tarafa, kiwanja cha shule, mkipewa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya Rais, halafu mkaimba? Mimi nilikuwa mbele na wazee wa chama, kadi mfukoni, beji ya Rais kwa koti. DO akaanza kusema. Nikatoka kwenda haja. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu askari akanizuia na fimbo kifuani, kijana mdogo ambaye ningeweza kumzaa.

"Mzee, maneno ya Bwana DO yanakuchoma?"

"Hapana kijana yangu, ni maji tu."

"Maji gani, na wenzako wote wamekaa? Ama wewe uko na wale wa kupinga?"

Siku zile swali kama hiyo haikuwa mchezo, na hata leo si mchezo. Watu waliinua macho kisha wakayaangusha. Ningesema tu, "Mimi ni mgonjwa." Maneno matatu. Nilirudi kwa kiti, nikabana miguu, nikapiga makofi wengine wakipiga, na mahali hapo, ndani ya suruali ya kanisa, nikajilowesha kama mtoto. Nikasema nimemwagikiwa na soda. Niliona afadhali kunuka kuliko kusema mwili umenishinda. Mzee mmoja alinipa sweta yake nifunge kiunoni, na mimi nikamkasirikia mwaka mzima kwa sababu ya hiyo huruma.

Halafu macho yakaingia ukungu. Nikalaumu moshi. Halafu miguu ikaacha kuuma. Hapo, binti yangu, nilifurahi. Unajua sisi tunapimwa kwa kisu tukiwa vijana, na mimi sikupepesa jicho, mpaka leo wenzangu wa rika wanalisema. Sasa naingia kwa mabua, kwa miiba, kwa baridi ya asubuhi, na miguu hainiambii kitu. Nikasema, ona, uzeeni Mungu amenifanya mwanaume mara ya pili.

Siku ile ya msumari nilitengeneza ua tangu asubuhi. Jioni nikaingia nyumbani, mama yako akaangalia sakafu.

"Hii damu ni ya nani?"

"Ya kuku."

"Kuku gani anavaa gambuti?"

Tukavua. Msumari wa ua ulikuwa umepita soli ukakaa ndani ya kisigino, na mimi nilikuwa nimetembea nao kutwa nzima nikipiga mluzi. Mama yako alishika mdomo. Mimi nikacheka, Cherop. Nikamwonyesha kila mtu aliyepita, "Angalia, na sikusikia kitu!" Kidonda nikakipaka ile mafuta ya matiti ya ng'ombe. Kikakataa kufunga. Kikageuka rangi. Ukawa unapeleka chai kwangu ukizuia pumzi, nilikuona, nikajifanya sikuona.

Yaliyofuata unayajua. Wodi unaijua, ulikuja na sare ya shule ukasimama mlangoni hukutaka kuingia. Lakini hukujua kile nesi aliniambia kabla ya kukatwa mguu. Walichukua mkojo wangu kidogo wakauchemsha na dawa ya buluu, buluu kama wino wako. Nikaangalia. Ikageuka kijani, halafu manjano, halafu ikawa rangi ya tofali. Nesi akainyanyua kwa dirisha. "Mzee, huu mwili ulikuwa unakuita miaka mingi. Wewe ukaufanya redio ya jirani."

Sasa, usifikiri naogopa mguu. Mguu mmoja niliutoa na mwingine umebaki, na nikiutunza mtanizika nao. Kama ni mguu tu ningekuachia uende, nikuandikie polepole. Kinachoninyima usingizi ni Kimutai.

Jina la Kimutai umelisikia, baba yako mdogo, ukaambiwa alikufa kijana. Hukuambiwa vile alikufa, kwa sababu mwenye kusimulia ni mimi. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja kwa shamba la mzungu, shamba la ngano, mimi mkubwa, yeye umri kama huu wako. Kijana wa kuruka ua bila kushika. Halafu akaanza kunywa maji. Alikuwa anaacha jembe anaenda kwa birika la ng'ombe, anainama anakunywa pamoja nao. Mimi nikamwita mvivu. Nikamtungia jina, nikamwita Ndama, vijana wote wa lile shamba wakalishika, akiinama wanaguna kama ng'ombe. Akawa anakunywa kwa kujificha. Akakonda haraka, Cherop, haraka, si kama mimi. Kwangu ilikuja kama panya kwa ghala, kidogo kidogo. Kwa Kimutai ilikuja kama moto kwa nyasi kavu.

Wazee wakasema amevunja kiapo. Wengine wakasema ni minyoo, wakamchemshia mizizi. Akatapika mizizi, akatapika maji. Tumbo likamuuma. Halafu pumzi yake ikabadilika, akawa anavuta hewa ndefu, nzito, kama ng'ombe wa jembe akifunguliwa nira, na yeye amelala tu. Na mdomo wake ukanuka tamu. Kama ndizi zilizoiva mpaka zikavunda. Mama yetu akasema, "Ni harufu nzuri, huyu anapona." Aliamini hivyo. Alinituma nikalale. Nilipoamshwa Kimutai alikuwa hajibu akiitwa, na kabla ng'ombe hawajatolewa alikuwa ameenda. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Birika lilikuwa limejaa pale nje.

Miaka yote nilisema ni kiapo. Ni kule wodini, nikingoja kukatwa, nilipomsimulia yule nesi nikitaka tu kupitisha wakati. Aliacha kukunja shuka. Akasema, "Mzee, huyo ndugu yako alikuwa na sukari. Ile ya vijana haingoji. Lakini ikijulikana mapema, mtu anaishi." Akanionyesha kitanda cha pili kwa dirisha, msichana wa shule, anajidunga sindano mwenyewe kwa paja huku anaimba wimbo wa kwaya. Nilimwangalia yule msichana mpaka akaona haya. Nilikuwa nahesabu umri wa Kimutai.

Wacha sasa nikwambie kile nimeona kwako, na ukitaka kubisha, bisha nikimaliza.

Jagi ya maji unaijaza ukienda kulala, na asubuhi iko tupu. Sketi ya chuo mama yako ameipunguza, na juzi ameipunguza tena. Ugali unakula kama mchungaji wa ng'ombe, na mifupa ya shingo imetoka. Unalala ukichambua maharagwe, wewe, uliyekuwa unanikimbiza. Leo kanisani namba ya wimbo ilikuwa pale ubaoni, kubwa, ukamwuliza jirani. Nilidhani nimeona vibaya, macho yangu nayo ni ya kuazima. Halafu wimbo wa pili ukamwuliza tena. Na ile lengelenge ya viatu vipya kwa kisigino chako ilipasuka kitambo, mpaka leo ina maji.

Nimemwambia mama yako. Alicheka. "Wewe tangu ukatwe mguu unaona sukari hata kwa paka. Mtoto anakonda kwa hamu ya kwenda." Mama yako si mjinga, usimkasirikie. Na sisi wote tulicheka kwa Kimutai. Mtu hucheka kwa sababu ile ingine ni mbaya sana kuisema.

Jana nilikuita unisomee maandishi kwa debe la dawa ya kupe. Uliona ajabu, kwa sababu lile debe nalijua tangu hujazaliwa. Nikakwambia, "Karibia, sisikii." Ukakaribia. Nikakwambia soma tena. Sikuwa nasikiliza dawa, binti yangu. Nilikuwa nanusa pumzi yako, kama ng'ombe anavyonusa ndama wake gizani. Ilikuwa na harufu ya chai ya maziwa, hakuna ingine. Nikakwambia enda, ukaniangalia kama mzee aliyerukwa na akili. Nilienda nyuma ya zizi nikasimama huko kidogo.

Kwa hivyo bado kuna nafasi, nafikiri hivyo. Lakini huwezi kujua ni nafasi ya kiasi gani, na basi la kesho linakupeleka mpaka Meru, kwa bweni la wasichana wasiokujua. Ukianza kunywa maji huko, watakutungia jina. Nani atakunusa? Utaona haya kuamsha mtu usiku, utasema ni chakula cha chuo, ni baridi, ni mitihani. Una damu yangu. Utajilowesha kabla ya kusema, "Mimi ni mgonjwa." Hiyo ndiyo naogopa, kuliko sukari yenyewe.

Usiku huu sikio langu liko kwa mlango wako. Ukitapika, ama nikisikia ile pumzi ndefu, ama nikisikia hiyo harufu, sitangoja asubuhi wala mama yako aache kucheka. Nitakutia kwa wilibaro nikusukume mpaka barabarani, na ukiniona nikisukuma wilibaro na mguu wa mti utajua baba yako bado ni gredi. Na hata ukiwa mzee kama mimi, mtu yeyote akikupigia kelele ya kiu, awe mtoto wa darasa lako ama mume wako, usimcheke. Mpeleke.

Haya, sasa sanduku.

Gari la maziwa linapita kabla hakujapambazuka. Dereva nimeongea naye, amekubali kuniweka na sanduku lako kati ya mitungi ya maziwa. Saa unasoma hii mimi niko mjini, kwa hospitali kubwa, kwa mlango ule wa wagonjwa wa kutoka nyumbani, na sanduku liko na mimi. Tikiti ya basi pia iko kwa koti langu, usiitafute kwa Biblia. Mwamshe mama yako mje. Usinywe chai kwanza. Mwambie nesi yale usiyoweza kuniambia, kila kitu, mara ngapi unaamka, tangu lini. Yeye si baba yako.

Dawa ikibaki buluu, utapanda basi. Utanicheka mpaka Meru, na ukifika utawasimulia hao wasichana habari ya mzee wako mwenye wazimu wa sisimizi, na mimi nitasimulia mwenyewe kwa gari la maziwa, na Njoroge nitamnunulia soda kwa aibu. Itakuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kushindwa.

Ikigeuka tofali, tutakuwa tumeijua ikiwa bado mchanga, na sindano utajifunza, hata yule msichana alijifunza akaimba. Chuo kitangoja. Na wakisema hakingoji, nitaenda huko mwenyewe na gongo.

Usifikirie kupita moja kwa moja mpaka stendi. Nimewaza hayo kabla yako. Bila sanduku na tikiti hutaenda mbali, na sanduku hutalipata bila kupimwa. Nitakuwa nimelikalia. Wakija maaskari, nimelikalia. Akija Bwana DO mwenyewe, nimelikalia, na safari hii nikiwa na haja nitasema. Mguu mmoja unatosha kukalia sanduku.

Njoo, Cherop.

Baba yako